Nilimwambia Kaza

Nyinyi wasichana mnaoanza kazi kwa wodi ya mifupa, na nyinyi wengine mmekuja tu kusikia maneno ya mzee, kaeni. Huyo mwenye simu aiweke kwa mfuko, sababu simu ndiyo imenipandisha hasira tangu juzi.

Juzi nilikuwa napepeta maharagwe hapa Rubongi kwangu. Akaja Oboth, kijana wa jirani, mtoto niliyemwona akiwa bado anatambaa. Akasimama mbele yangu amejinyoosha kama mtu anapimwa.

"Jaja," akasema, huku ndivyo vijana wanamwita nyanya, "wewe si ulifanya kazi kwa hospitali ya mifupa? Ati kuna namna wanavuta mguu inakuwa refu?"

Nikamwambia iko.

"Basi mimi nataka vidole tatu tu. Jeshini wanapima urefu. Walinirudisha kwa geti."

"Vidole tatu."

"Hata mbili, jaja. Kwa simu nimeona mtu ameongeza, na sasa anacheza dansi."

Anacheza dansi. Miaka yote ile niliyosafisha pini, sijaona mtu mwenye ringi kwa mguu akicheza dansi. Nimeona wakiuma shuka. Nimeona mwanaume mzima mwenye ndevu akimwita mama yake, na mama alikufa zamani. Nikamwuliza Oboth kama simu ilimwonyesha huyo mchezaji siku ya arobaini, wakati hawezi kulala kwa ubavu wala kwa tumbo. Akasema hiyo hawakuonyesha. Nikamwambia basi simu yako ni kama mtu anayekuonyesha harusi akaficha ndoa.

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia akae chini, nikamweleza kama ninavyowaeleza nyinyi sasa.

Hii kitu inafanywa hivi. Daktari anakata mfupa, lakini haitoi, anaikata tu iwe vipande viwili. Halafu anazungushia mguu ringi za chuma, ziko nje, na pini nyembamba zinapita kwa nyama na mfupa zinatokea upande ingine. Kati ya ringi na ringi kuna vyuma vyenye nati. Ukizungusha nati kidogo, ringi zinaachana kidogo, na ile mfupa inaachana kidogo. Mwili ukiona nafasi, unajaza na mfupa mpya. Kesho tena kidogo. Ni kumdanganya mtu pole pole mpaka anatoa kitu ambacho hangekupa ukiomba.

Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye mguu yake imepinda, ama imebaki fupi kwa ugonjwa. Sikatai, kwa miji mikubwa kuna madaktari wanafanyia hata mtu mzima anayetaka urefu tu, na siku hizi wengine wanaweka chuma ndani ya mfupa yenyewe. Lakini mfupa haijui imekatwa kwa sababu gani. Uchungu ni ile ile, na miezi ni ile ile.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na hiyo ya pili sikuimaliza. Niliingia hospitali na ndoo na tambara la kupiga deki. Jina ya hospitali siisemi, iko hapa hapa upande wetu, ile barabara ya Malaba. Kazi ya pini nilifundishwa na Sista Nabwire. Huyo alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya, na Kiswahili chake kimenyooka kama cha redio. Changu mimi ni cha soko, mnakisikia. Nachanganya na Dhopadhola, lugha yetu, nachanganya na kila kitu, na watu wananielewa. Ama nilifikiri wananielewa. Hapo ndipo nakwenda.

Siku ya kwanza Sista aliniachia pini nane za mzee mmoja. Maji imechemshwa na chumvi, imepoa, pamba iko kwa bakuli. Nikachukua pamba moja nikapangusa pini zote nane, nikajiona mwanamke mwenye akili, sikuharibu pamba. Sista akaja akaangalia bakuli.

"Akumu, ukimpangusa mtoto mmoja makamasi, leso hiyo hiyo unampangusia mwingine?"

"Hapana, Sista."

"Kila tundu ni mtoto wake."

Alinirudisha nikaanza upya. Kila pini na pamba yake, unaanza penye chuma unakwenda nje, hurudi nyuma. Mpaka leo nikiona mtu anapangusa watoto wawili na kitambaa moja, naona zile pini.

Na kuna ile ya robo. Daktari anasema nati inazungushwa robo, mara nne kwa siku. Tulikuwa na mama mmoja mwenye kuuza sukari Busia, mguu yake ilipinda zamani kama upinde. Alikwenda nyumbani, akarudi analia moto kwa vidole vya mguu. Sista akamwuliza anazungusha vipi.

"Sista, robo nne si ni kilo moja? Mimi nazungusha yote asubuhi, halafu nakwenda soko."

"Na chakula cha siku nzima ukikila saa moja asubuhi, utashiba mpaka jioni au utatapika?"

Sista akamwambia mishipa ya mguu yake inatapika. Nyinyi mnacheka, lakini huyo mama hakukosea hesabu. Kwa kipimo chake alikuwa sawa kabisa. Sisi ndio tulimpa neno la sokoni tukategemea asikie la hospitali. Mimi nililiona hilo, nikalicheka pamoja na wengine, na sikujifunza kitu. Mungu akanitafutia la kwangu.

La kwangu liliitwa Athieno.

Athieno alitoka Kisoko, umri wa kumaliza shule ya msingi. Alipokuwa mdogo mfupa ya mguu wa kushoto, hii ya chini ya goti, iliingia usaha. Ikakaa bila dawa, ikaharibu pale mahali mfupa inakulia. Mguu wa kulia ukaendelea, wa kushoto ukabaki nyuma vidole vinne. Alitembea na ncha ya vidole, kisigino iko hewani. Baba yake alikufa, mama ana wadogo wanaonyonya na shamba, kwa hivyo aliyemleta ni baba yake mdogo, Owino.

Owino alikuwa makanika wa malori pale Malaba, pale yanapopanga foleni kuvuka mpaka. Mikono nyeusi hata Jumapili. Yeye ndiye alimtengenezea Athieno sapatu ya kushoto, vipande vya tairi amepanga kimoja juu ya kingine, amepiga misumari, mpaka ikawa nene kama tofali. Nilipoishika mara ya kwanza nilishangaa uzito. Mtoto anakwenda shule na uzito huo kila siku, na watoto wenzake wanamwita Moja na Nusu.

Sista alipoandika jina yake akamwambia, "Athieno ni aliyezaliwa usiku. Nabwire pia. Sisi wawili ni wa usiku, kwa hivyo hatuogopi."

Athieno akasema, "Mimi naogopa, Sista."

"Unataka nini tukufanyie?"

"Kisigino iguse chini." Akafikiria. "Zote mbili, pamoja, kama nimesimama kwa mstari."

Hiyo ndiyo alitaka. Hakusema awe mrefu.

Wakamkata, wakamweka ringi. Siku za kwanza tulizungusha sisi, robo, robo, na alilia vizuri. Nasema vizuri sababu kulia kwa wakati wake ni habari nzuri, inaonyesha kitu inavutika. Nilimvuta mguu na kitenge: unapitisha kwa nyayo, unavuta vidole vije upande wa goti, usipofanya hivyo mguu inabaki imechongoka kama ya kuku anayenyongwa. Na usiweke mto chini ya goti. Mama wote wanaweka mto, wanaona huruma, na goti linajifunza kukunja, halitaki tena kunyooka. Mto chini ya kisigino, goti lining'inie. Atakuchukia. Wacha akuchukie.

Ikafika siku ya kwenda nyumbani, akae kwa Owino Malaba kwa sababu ni karibu. Sista akachukua spana namba kumi, akamwonyesha Owino mara moja: nati hizi, robo, upande huu. Owino akatingisha kichwa. Mtu wa spana, nani atamfundisha spana? Papo hapo Sista akaitwa wodi ingine, akaniachia niwasindikize.

Tukafika kwa geti. Mtoto yuko kwa magongo, amekunja uso. Mimi najua kinachokuja. Najua wazazi wengi wakifika nyumbani, mtoto akilia mara mbili, wanaacha kuzungusha. Wanasema kesho, wanasema amechoka. Mfupa haingoji kesho. Nikamshika Owino mkono, nikamwambia:

"Owino, huyu atalia. Usimwonee huruma. Akilia, kaza."

"Nikaze?"

"Kaza. Kila siku. Hata akikuita majina mabaya, wewe kaza tu."

"Sawa, mama. Nitakaza."

Akaenda anarudia kama mtoto wa shule. Mimi nikarudi kwa ndoo yangu nafurahi, nasema huyu ameelewa.

Wiki tatu baadaye, siku ya daktari, wakarudi. Daktari huyo alikuwa anakuja siku moja kwa wiki kutoka mbali. Nilipoona mguu nilifurahi tena. Pini safi. Vyuma vyote vimepakwa grisi, ile ya lori, vinang'aa. Nikamwuliza Athieno analala vipi.

"Nalala vizuri, jaja. Siku za kwanza kidogo, halafu baba mdogo akikaza uchungu inapoa."

Inapoa. Mimi na miaka yangu yote kwa wodi, nikasikia hilo neno na sikushtuka. Wasichana, shikeni hii: mtoto yuko kwa kuzungusha nati na hasikii chochote, usimpongeze. Kimbia umwite Sista.

Eksirei ikatoka. Daktari akaiweka kwa mwanga. Ile nafasi tuliyoifungua haikuwepo. Mfupa ilikuwa imerudi pamoja, imeanza kushikana mahali pale pale ilipokatwa. Owino alikuwa amezungusha nati kila siku, mara nne, bila kukosa hata moja, upande wa kurudisha.

Daktari akamwambia Sista maneno mengi kwa Kizungu. Sikuyajua yote, lakini kuna neno halihitaji shule. Hawa watu. Akasema hawa watu, akaandika kwa faili. Nikamwuliza Sista polepole ameandika nini.

"Familia haikufuata maagizo. Chuma kitolewe wiki ijayo. Kuna watoto wengine wanasubiri nafasi."

"Na mguu?"

"Itabaki hivyo."

Owino alikuwa amevua kofia. "Daktari," akasema, "nimefuata. Nimekaza kila siku."

"Umefanya nini?"

"Nimekaza. Niliona upande ule nati zinalegea, ringi zinaachana, mimi nazirudisha. Hata akilia nilikaza."

Halafu akaniangalia. Aliangalia tu. Hakunyoosha kidole, hakusema huyu mama ndiye aliniambia. Angeweza kusema. Makanika wa Malaba, mtu wa kubishana na madereva mchana kutwa, akafunga mdomo yake.

Na mimi nikafunga yangu. Nawaambia ukweli, sababu mkisikia tu uzuri wa mtu hamjifunzi. Niliingia chumba cha kuoshea, nikachukua beseni moja nikaiosha mara tatu. Nilikuwa nafikiria kazi yangu. Mwanamke wa darasa la pili, akifukuzwa hapo ataandikwa wapi? Nikasema moyoni, faili si imekwisha kuandikwa. Nikasema, Owino mwenyewe si alionyeshwa na Sista.

Lakini kilichonitoa humo ndani haikuwa wema. Ilikuwa hasira. Kwa dirisha nilimwona mwanafunzi mmoja wa udaktari anamweleza mwenzake, anaigiza Owino, anazungusha spana hewani, wanacheka. Hawa watu. Mtu amekaa wiki tatu anaamka kabla ya malori kuzungusha nati za mtoto wa ndugu yake, amepangusa kila pini na pamba yake, ametoa grisi yake mwenyewe, na sasa yeye ni kichekesho. Nikaacha beseni hapo hapo.

Daktari alikuwa ameshaweka mkoba kwa gari. Nikaenda nikasimama mbele ya gari, mikono inadondoka maji ya sabuni.

"Daktari, futa kwa faili."

"Nifute nini?"

"Umeandika familia. Familia haina kosa. Andika Akumu. Mimi ndiye nilimwambia akaze."

"Akaze nini?"

"Roho."

Akanitazama kama hajasikia.

"Mimi nilisema roho," nikamwambia, "yeye akasikia nati. Yeye ni makanika. Ukimwambia makanika kaza, ataimba ama atashika spana?"

"Wewe ni mtu wa usafi. Nani alikuambia utoe maagizo kwa wagonjwa?"

"Hakuna. Na hakuna aliyenikataza siku zote ambazo nyinyi mmeongea Kizungu mkaenda, na mimi nikabaki nawaelezea kwa lugha yao. Hiyo ikienda vizuri haina mwenyewe. Leo imeharibika, mwenyewe ni familia."

Sijui nilipata wapi hayo maneno. Sista Nabwire alikuwa amekuja nyuma yangu. Aliniangalia mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Akumu. Ulisema kaza?"

"Nilisema, Sista."

"Na hukumwambia kaza nini."

"Sikumwambia."

Akageuka kwa daktari. "Na mimi nilimwonyesha mara moja nikaondoka. Sikumwambia anionyeshe yeye. Tukiandika makosa, tuyaandike yote matatu, maana na wewe, daktari, hujawahi kumwuliza mzazi hata mmoja ameelewa nini. Mtoto huyu amekatwa mfupa bure. Sisi tumekosa, halafu anayerudi nyumbani na tairi ni yeye."

Daktari alikuwa na mkono kwa mlango wa gari. Dereva alikuwa amewasha injini tayari. Akamwambia aizime.

"Inawezekana kukata tena," akasema. "Pale pale. Lakini itakuwa kuanza mwanzo, na itakuwa ngumu kuliko ya kwanza. Mtoto mwenyewe aulizwe. Simkati kwa nguvu."

Tukarudi ndani. Nilijua ni mimi wa kumwambia. Nikakaa kwa kitanda chake nikamweleza yote, neno kwa neno, mbele ya Owino.

Athieno akauliza, "Mnikate tena?"

"Mara moja tena."

"Kwa sababu ulisema kaza."

"Kwa sababu nilisema kaza."

Akageukia ukuta. Siku tatu hakuniongelesha. Nikileta uji, anangoja niondoke, anamwita mwingine amletee. Owino alikuja kila siku akitoka kazi, anakaa kwa benchi. Sikumlaumu mtoto. Mimi nimezaa watoto sita na hakuna mtu alinikata mfupa mara mbili kwa ajili ya neno la mtu mwingine.

Siku ya nne nikiwa napiga deki chini ya kitanda chake, nikasikia, "Jaja."

"Naam."

"Nati inazungushwa upande gani?"

Mdomo ulikuwa umenitosha. Nilikwenda nikachukua spana, nikashika nati, nikazungusha mkono hewani, upande ule wa kweli. Akaangalia. Akanyoosha mkono akachukua spana.

"Nitazungusha mwenyewe," akasema. "Baba mdogo asiguse. Na wewe usiguse. Na usiniambie kaza."

"Sitasema."

"Basi wanikate."

Owino pale kwa benchi akasema, "Na mimi nifanye nini?"

"Wewe leta omena."

Alikatwa mara ya pili. Na sasa ndio mjue kwa nini kwa wodi mnakuta kila nati ina tone la kiuteksi chekundu. Nyinyi mnafikiri imetoka kwa kitabu. Ilitoka Malaba. Owino alikuja na omena, zile dagaa za ziwa, kwa mfuko, na kwa mfuko mwingine kichupa kidogo cha rangi ya kucha. Akamwomba Sista ruhusa kwanza, akasimama mbali kabisa na mguu.

"Sista, kwa lori nati za gurudumu tunaziwekea alama ya rangi. Ikihama, unaiona kwa macho, huhitaji kuuliza mtu. Huyu mtoto awekewe tone kwa kila nati, na mshale kwa ringi unaoonyesha upande. Hapo hata mimi mjinga siwezi kukosea."

Sista akasema, "Mjinga hajui hilo la rangi." Akachukua kichupa akapaka mwenyewe.

Daktari alipokuja wiki ile aliinama akaangalia zile alama kwa muda. Akauliza ni wazo la nani. Sista akasema, "Hawa watu." Daktari akaona haya. Wiki iliyofuata alikuja na vichupa vitatu vya kwake. Hakuomba msamaha, lakini kuanzia hapo akawa hatoki kitandani mpaka mzazi ashike spana azungushe mbele yake, na mtoto aulizwe ameona nini.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Sista alinisomea, nikaweka kidole gumba. Ilikuwa haki yangu. Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba barua ilikuwa moja, na makosa yalikuwa matatu, na mwenye darasa la pili ndiye alipewa.

Kwa hivyo, wasichana, mkifika kwa geti na mzazi, msitoe neno la kuagana. Maneno yetu huku yana mifuko mingi, kila mtu anatoa chake. Mpe spana, mwambie azungushe, nyamaza uangalie. Akizungusha vibaya ushukuru, amekosea mbele yako. Na mkisikia mtu anasema hawa hawajasoma hawaelewi, mwulizeni yeye amesoma nini cha wale watu.

Athieno alizungusha nati zake siku themanini na kitu, mara nne, anahesabu kwa sauti. Alilia. Akilia tulitoka nje, sababu alisema anataka kulia bila watu. Halafu ikaja miezi ya kungoja mfupa ikauke, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa mtoto, maana hakuna cha kuzungusha, ni kukaa tu na chuma wakati wengine wanaruka kamba. Oboth nilimwambia hiyo pia. Akasema, "Jaja, mimi nitavumilia." Nikamwambia Athieno alikuwa anatafuta kisigino, wewe unatafuta nini.

Siku ringi ilipotolewa, mguu ilikuwa nyembamba, ina makovu ya pini, nyeupe nyeupe kama iliyokaa kwa maji. Tukampa muda na magongo, wiki kadhaa. Halafu Sista akamwambia asimame kwa ukuta bila viatu, bila magongo, miguu pamoja. Daktari alishasema imebaki tofauti kidogo, si kitu, hata soksi inamaliza. Lakini maneno ya daktari si kisigino.

Athieno alisimama, macho amefunga. Owino alikuwa mlangoni, amegeukia nje, anajifanya anahesabu malori barabarani. Sista akapiga magoti sakafuni. Akachana karatasi mbili kutoka daftari lake, akamwambia inua kidogo, akaingiza moja chini ya kila kisigino: kisigino ikikanyaga kweli, karatasi haitoki. "Sasa shuka." Akavuta ya kulia. Haikutoka. Hiyo tulijua.

Akashika ya kushoto. Akavuta taratibu, ikakataa, akavuta tena, na karatasi ikachanika. Kipande kikabaki mkononi mwa Sista, kingine kimebanwa chini ya mtoto.

Athieno akafungua macho, akaangalia chini kwa muda mrefu.

"Sista," akasema, "ingiza ingine. Vuta na nguvu."